Jefferson na dawati la Azimio la Uhuru

THOMAS Jefferson alizaliwa Virginia mwaka 1743. Alisomea sheria, akawa waziri wa kwanza wa mambo ya nje wa Marekani mwaka 1790, kisha Rais wa tatu kuanzia mwaka 1801 hadi 1809.

Mwaka 1776, akiwa Philadelphia, aliandika rasimu ya Azimio la Uhuru juu ya dawati dogo la mahogani, alilolibuni mwenyewe na kutengenezewa na fundi Benjamin Randolph. Azimio hilo lilitamka kuwa binadamu wote ni sawa. Hata hivyo, katika maisha yake Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600.

Mmoja wao, seremala John Hemmings, alimtengenezea Ellen, mjukuu wa Jefferson, dawati la kuandikia. Mwaka 1825 lilipotea baharini likipelekwa Boston, na Hemmings akahuzunika mno. Ili kuifuta hasara hiyo, Jefferson alimtunukia mume wa Ellen dawati la Azimio.

Jefferson alifariki dunia Julai 4, 1826. Wosia wake uliwaachia huru watu watano, Hemmings akiwamo. Wengine wapatao 130 walipigwa mnada kulipa madeni yake.

Dawati la Azimio lilikabidhiwa serikali mwaka 1880, na limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. La Hemmings halikuonekana tena.