Abu Mihjan: Shujaa Aliyefungwa kwa Ulevi

Abu Mihjan Ath-Thaqafi (Radhi za Allah ziwe juu yake) alikuwa mshairi na mpiganaji hodari. Alisilimu pamoja na kabila lake la Thaqif, watu wa Taif, mwaka wa 9 Hijria. Lakini pombe ilimshinda. Alipigwa mijeledi mara kadhaa, na kila mara akarudia.

Vita vya Qadisiyya, karibu mwaka 636 Miladia, vilimkuta yumo minyororoni kwa amri ya jemadari Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wanasimulia kuwa aliposikia wenzake wakipambana na Wafursi, alimsihi mke wa Saad amfungue na amuazime Balqa, farasi wa Saad, akaahidi kuwa akisalimika atarudi mwenyewe. Akapigana hadi watu wakastaajabu, kisha usiku akarudi na kuitia miguu yake pinguni.

Saad alipojua, alimuachia na akaapa hatompiga tena. Hapo ndipo Abu Mihjan alipoiacha pombe. Zamani alikunywa akijua adhabu itamsafisha. Sasa hakubakiwa na cha kumsafisha ila tawba.

Enyi wazazi, mwenye kijana mlevi amkataze, wala asimkatie tamaa.