Deni la Aliyetisha kwa Mzaha

Musa mwana wa Maimoni alizaliwa Cordoba, Hispania, katika karne ya 12. Angali kijana, utawala wa Almohadi ukawabana Wayahudi wabadili dini, na familia yake ikatangatanga hadi Fez, kisha Nchi Takatifu, mwishowe Fustat, Misri. Huko alisoma na kuandika huku mdogo wake, Daudi, akiilisha nyumba kwa biashara ya vito. Daudi akazama katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu, akiacha mjane na binti mdogo. Musa alilala kitandani karibu mwaka mzima kwa huzuni. Alipoinuka, riziki yake ikawa utabibu.

Katika kitabu chake kikuu, Mishneh Torah, chenye juzuu 14, kuna sheria za mtu aliyemjeruhi mwenzake. Humo anagusa jambo ambalo vijana wetu wangeliita utani tu. Mtu amejitokeza ghafla gizani, au amempigia mwenzake ukelele kwa nyuma, na mwenzake akaugua kwa hofu. Je, alipe? Kwa kuwa hakumgusa, mahakama ya wanadamu haimtozi kitu. Ila mbele ya mahakama ya mbinguni anadaiwa. Lakini akimshika na kumpulizia sikioni hata akawa kiziwi, hakimu wa duniani naye atamdai. Hukumu hiyo Musa hakuitunga. Aliipokea kutoka Talmudi. Huko imeandikwa pia kwamba mwanadamu huwajibika daima, awe macho au usingizini, basi kisingizio cha kucheka tu kitapita wapi?

Malipo ya jeraha ni matano: hasara ya mwili, maumivu, matibabu, siku za kazi zilizopotea, na aibu. Matibabu na siku za kazi utazikuta katika Kutoka 21.

Binafsi naona kilicho kizito zaidi kinafuata. Aliyeharibu mali ya mtu, akishalipa, amemaliza. Aliyeumiza mwili, hata akilipa yote matano, hajasamehewa mpaka aende mwenyewe kumwomba radhi aliyemuumiza. Na huyo aliyeumizwa, akishaombwa mara moja na ya pili na kuona toba ya kweli, Musa anamkataza kuwa mkatili: amsamehe.

Tabibu huyo alifariki Misri mwaka 1204. Kaburi lake hutembelewa Tiberia, kando ya Bahari ya Galilaya.