BURTON, MZUNGU WA NDIMI NYINGI

Ilikuwa Jumamosi asubuhi sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tulipofunga safari kwenda Mji wa Kale, Mombasa. Shule yetu ni ya kutwa na haina basi, kwa hivyo tulibanana kwenye matatu, tukashuka na kumalizia kwa miguu. Tulikuwa tunakwenda kuona Leven House karibu na Bandari ya Kale. Jumba hilo lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19, na siku hizi limekarabatiwa likapendeza. Jina limetokana na manowari ya Waingereza iliyofika hapa mwaka 1824, enzi za Wamazrui.

Lakini mimi sikushughulika sana na ghorofa. Kilichoniteka ni handaki lililochongwa kwenye mwamba, likateremka mpaka pwani penye kisima cha maji matamu, hatua chache tu kutoka maji ya chumvi. Nilichungulia, giza totoro! Kiongozi wetu akatuambia Richard Burton aliwahi kupandia humo. Burton gani? Mwalimu akacheka, akanipa kazi ya kumtafuta nimwandike humu.

Basi msomaji, huyu bwana alizaliwa Uingereza mwaka 1821. Alifukuzwa chuoni Oxford mwaka 1842 kwa sababu ya kwenda kutazama mashindano ya farasi (na sisi tunaogopa kukosa gwaride!). Akaenda India kuwa mwanajeshi, na huko ndiko kipawa chake kilikotokeza. Alijifunza Kihindustani, Kigujarati, Kisindhi, Kiajemi na Kiarabu. Husemekana kufikia uzeeni alijua lugha zaidi ya ishirini. Mwaka 1853 aliingia Makka akijifanya haji Mwislamu, na kama angetambuliwa angeuawa. Mwaka 1855 akafika Harar, kisha kule Berbera akachomwa mkuki ukaingia shavu hili ukatokea lile. Kovu hilo laonekana kwenye picha zake za baadaye.

Alifika Mombasa Januari 1857 pamoja na Speke, wakitafuta habari za bara, wakaenda kumwona mmishenari Rebmann upande wa Rabai. Mwaka huohuo wakaanza safari kutoka pwani ya Tanganyika. Februari 1858 waliliona Ziwa Tanganyika, lakini kwa taabu iliyoje! Burton alikuwa hawezi kutembea kwa maradhi, na Speke macho yalikuwa karibu kupofuka. Baadaye Burton akabaki Tabora, Speke akaenda peke yake akaliona ziwa kubwa la Nyanza. Hapo ndipo urafiki ulipoingia nyongo. Waligombana miaka mingi juu ya chanzo cha mto Naili, hata mwaka 1864, siku moja kabla ya kukutana mbele ya wataalamu, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe.

Sasa niseme lililonikera. Mtu huyu alipenda lugha zetu lakini aliwadharau wenyewe wanaozisema. Maandishi yake juu ya Waafrika yana matusi mpaka nikafunga kitabu. Na hali wasingefika popote bila watu kama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India tangu utotoni, akaachwa huru, akarudi kuwa kiongozi na mkalimani wa misafara. Kwa nini jina lake sikulijua mpaka juzi? Nilimuuliza mwalimu kama kweli Burton afaa kuandikwa humu. Akaniambia niandike yote, mazuri na mabaya.

Haya, zuri ni hili: ndiye aliyetafsiri Alfu Lela Ulela kwa Kiingereza kutoka Kiarabu, akaanza kuvitoa vitabu hivyo mwaka 1885. Alifariki Trieste mwaka 1890. Mkewe Isabel akachukua tafsiri nyingine aliyokuwa anaimalizia, akaitia motoni pamoja na karatasi nyingi za mumewe, kwa kuona zina mambo ya aibu. Kisha akamjengea kaburi la mawe lenye umbo la hema, kule Mortlake, London.

Nilipomsimulia nyanya habari ya kuchoma karatasi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Bombay naye alijengewa kaburi. Nikakosa jibu.