Eleanor Roosevelt: TB sugu ilimwondoa, majibu yakaja keshazikwa

Ukitaja Roosevelt wengi tunamkumbuka yule rais wa Marekani wa kwenye notsi za historia, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Leo namleta mke wake, Eleanor. Huyu mama alifariki New York tarehe 7 Novemba 1962, akiwa na miaka 78. Jina alikuwa nalo, pesa alikuwa nazo, madaktari wazuri walimzunguka. Kilichomuua ni TB, tena TB ambayo dawa alizopewa hazikuifanya kitu.

Alizaliwa 1884 kwenye ukoo wa matajiri, lakini utoto wake msiuonee wivu. Mama yake alikufa kwa dondakoo mwaka 1892, baba aliyekuwa mlevi akafuata 1894, mtoto akalelewa na bibi. Akiwa na miaka 15 alipelekwa shule Uingereza, na huko ndiko alikoanza kujiamini. Mwaka 1905 aliolewa na Franklin, ndugu yake wa mbali, na aliyemsindikiza kwa bwana harusi ni baba yake mdogo au mkubwa, vyovyote mtakavyomwita, Theodore Roosevelt, ambaye wakati huo ndiye alikuwa rais! Walizaa watoto sita, mmoja akafa mchanga.

Mwaka 1921 Franklin akapooza miguu kwa polio. Mama akaanza kuzunguka kwenye mikutano kwa niaba ya mumewe, na walipoingia Ikulu 1933 hakukaa jikoni. Aliitisha mikutano ya waandishi wa habari wanawake tu, mpaka magazeti yakalazimika kuajiri wanawake. Kuanzia mwisho wa 1935 aliandika safu ya gazetini siku sita kwa wiki, karibu mpaka mwaka aliokufa. Kwa lugha yetu, alikuwa bloga kabla ya intaneti.

Mume alikufa 1945. Mama akapelekwa Umoja wa Mataifa, akaongoza kamati iliyoandika Tamko la Haki za Binadamu, lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948. Kifungu cha 25 kinataja matibabu kama haki ya kila mtu. Na kwa wabongo: mwaka 1960, kabla Tanganyika haijapata uhuru, alimkaribisha Nyerere kwenye kipindi chake cha televisheni.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Mwaka 1919 aliwahi kuugua utando wa mapafu, ukapona, ukasahaulika. Mwaka 1960 wakagundua uboho wa mifupa yake hautengenezi damu ya kutosha. Mwaka 1962 wakampa prednisoni, dawa ya steroidi, ambayo pamoja na faida zake inashusha kinga ya mwili. Homa zikaanza, zikagoma kuondoka. Mwisho wa Septemba alilazwa, wakachukua uboho wake kuuotesha maabara, na bila kusubiri majibu wakamwanzishia dawa mbili za TB: streptomaisini na isoniazidi. Majibu ya kuwa kweli ni TB yalitoka tarehe 26 Oktoba. Siku kumi na mbili baadaye amekufa. Walipompasua maiti walikuta TB imesambaa mwili mzima. Kwamba vimelea vyake ni sugu kwa dawa zote mbili, ilijulikana baada ya hapo.

Kwa nini ilichelewa hivyo? Bakteria wa kawaida wa tumboni anagawanyika kila dakika 20 hivi. Wa TB anatumia karibu masaa 20. Unapanda makohozi au uboho, unasubiri wiki kadhaa uone kama vimeota. Vikiota ndiyo unaanza kipimo cha usugu: chupa moja ina dawa, nyingine haina, unapanda zote, unasubiri wiki nyingine. Mgonjwa hasubiri.

Halafu kuna hili ambalo watu wengi hawalijui. Sugu maana yake nini hasa? Vimelea vya TB havibadiliki kwa sababu vimezoea dawa kama mtu anavyozoea pilipili. Kati ya vimelea milioni moja hivi, kimoja huzaliwa na kasoro inayokifanya isoniazidi isikidhuru. Ukimpa mgonjwa dawa moja tu, wenzake wanakufa, kinabaki peke yake kinazaana. Kwa hiyo karibu kila mgonjwa mwenye vimelea vingi ana wachache sugu. Swali ni wangapi. Georges Canetti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, na wenzake waliweka mstari mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya mama kufa: vinavyoota kwenye chupa yenye dawa vikifika asilimia 1 ya vile vya chupa isiyo na dawa, basi hiyo dawa haimfai huyo mgonjwa.

Siku hizi kuna GeneXpert, ambayo WHO iliipitisha Desemba 2010. Inasoma vinasaba vya kimelea, majibu ndani ya masaa mawili. Safi sana. Lakini kipimo chake cha kawaida kinaangalia usugu kwa dawa moja tu, rifampisini, dawa ambayo mama Eleanor alikufa kabla haijaanza kutumika. TB sugu kwa dawa nyingi, ile inayoitwa MDR, lazima igome isoniazidi na rifampisini pamoja. Kwa hiyo wangempima mama na kipimo hicho cha kawaida, huenda kingesema rifampisini inafaa, na isoniazidi isiyofanya kazi isingeonekana. Kipimo cha haraka cha isoniazidi cha mashine hiyohiyo WHO ilikipitisha 2021. Ukiambiwa huna TB sugu, uliza imepimwa kwa dawa ipi.

Wapo wanaowalaumu madaktari wake kwa zile steroidi na kwa kuchelewa. Mimi nawatetea nusu. Hata wangeanza dawa mapema, ndizo hizohizo zilizogoma.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Kama vimelea vilikuwa vimelala mwilini tangu 1919, usugu vimeupata wapi? Streptomaisini imegunduliwa 1943, isoniazidi imeanza kutumika kwa TB 1952. Naegemea kwamba aliambukizwa upya uzeeni na mtu aliyekwisha kutumia dawa hizo, maana alizunguka sana, India 1952, Urusi 1957. Wengine wanashikilia ni ile ya 1919. Wadau mlioko maabara, mwagikeni hapo chini.