Tom Mboya: Mtetezi wa mshahara aliyekumbana na uhaba wa kazi

KILA serikali inapotangaza nyongeza ya kima cha chini cha mshahara, mara nyingi katika sherehe za Leba Dei, Mei 1, habari hizo hupokewa kwa hisia mbili huko Hewani, kijiji cha wakulima kando ya Mto Tana, Garsen. Kibarua hutarajia ujira bora. Mwenye shamba naye hujiuliza ataweza kuajiri wangapi msimu ujao.

Si swali geni. Lilimwandama marehemu Tom Mboya katika maisha yake yote mafupi.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi ambako babake, Leonard Ndiege, alikuwa mfanyakazi. Mshahara wa mkonge haukutosha kumsomesha zaidi, hivyo mwaka 1947 aliacha masomo katika shule ya Mang'u. Alisomea ukaguzi wa afya Kabete, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Hapo alijionea Mwafrika akilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile.

Ghadhabu hiyo ndiyo iliyomwingiza katika vyama vya wafanyakazi. Mnamo 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alichaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Mwaka uliofuata, kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba kima cha chini kilikadiriwa kwa mwanamume asiye na mke wala watoto. Ilipendekeza kipandishwe hatua kwa hatua hadi kiweze kulisha familia. Machi 1955, makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya aliwashawishi warudi kazini huku madai yao yakiamuliwa. Uamuzi uliotolewa uliwaongezea mshahara kwa karibu thuluthi moja.

Aprili 1962, aliteuliwa Waziri wa Leba katika serikali ya mseto. Oktoba mwaka huo, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuhusu mkataba wa kusuluhisha mizozo kazini.

Lakini mambo yalikuwa yamegeuka. Mishahara ya mijini ilikuwa imepanda ilhali nafasi za kazi zilikuwa zikipungua, na vijana waliotoka mashambani walijaa mijini wakitafuta ajira. Mapema mwaka 1964, Mboya akiwa sasa Waziri wa Haki na Katiba, pande hizo tatu zilikubaliana tena. Serikali ingeongeza wafanyakazi wake kwa asilimia 15 na waajiri wa kibinafsi kwa asilimia 10. Vyama navyo vingeacha migomo na kutodai nyongeza kwa muda. Mtetezi wa mshahara sasa alikuwa katika serikali iliyowaomba wafanyakazi wasubiri.

Mpango huo haukumaliza tatizo. Wanauchumi John Harris na Michael Todaro walieleza sababu yake mwaka 1970: mshahara wa mjini ukizidi sana mapato ya shambani, kila nafasi mpya huwavuta watu wengi kuliko inaowaajiri.

Mboya hakuishi kuyasoma hayo. Baada ya kuongoza Wizara ya Mipango ya Uchumi tangu mwishoni mwa 1964, alipigwa risasi na kuuawa Jumamosi, Julai 5, 1969, katika barabara ya Government, Nairobi, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alizikwa katika Kisiwa cha Rusinga.

Fundisho la maisha yake halikubaliani kikamilifu na upande wowote. Bila kima cha chini, mwenye nguvu humlipa mnyonge atakavyo, kama ilivyokuwa katika mashamba ya mkonge. Hata hivyo, sheria ya mshahara humfaa aliye na mwajiri pekee. Hewani, ambako wengi hulima mpunga, mahindi na ndizi kwa mikono ya jamaa zao, mto ukifurika au ukikauka hakuna tangazo la Mei 1 liwezalo kuwalipa.

Mboya alianza kwa kuuliza mfanyakazi alipwe ngapi. Uongozi ulimlazimu kuuliza pia yule asiye na kazi atakula nini. Wanaopanga mishahara leo hawana budi kujibu maswali yote mawili.