George Washington Carver

George Washington Carver (takriban 1864 – 5 Januari 1943) alikuwa mtaalamu wa kilimo, mwalimu na mchoraji wa Marekani. Alizaliwa mtumwa karibu na Diamond, katika kaunti ya Newton, jimbo la Missouri, eneo la mashamba ambako leo kuna kumbukumbu ya kitaifa yenye jina lake.

Maisha

Tarehe ya kuzaliwa kwake haijulikani, kwa kuwa watumwa hawakuandikiwa vyeti. Mama yake, Mary, alikuwa mali ya mkulima Moses Carver, aliyemnunua mwaka 1855 kwa dola 700. George akiwa bado mchanga, wanyang'anyi walimteka pamoja na mama yake. Moses alimtuma mtu awatafute. Mtoto alirudishwa, na malipo yakawa farasi. Mary hakuonekana tena.

Utumwa ulipokomeshwa, Moses na mkewe Susan, ambao hawakuwa na watoto, walimlea George na kaka yake Jim. Kwa kuwa alikuwa dhaifu kiafya, George hakupewa kazi nzito za shambani. Alijifunza kupika, kufua na kushona, na muda uliobaki aliutumia msituni akitunza mimea. Majirani walimletea mimea yao iliyougua. Shule ya karibu haikupokea watoto weusi, hivyo alikwenda Neosho, makao makuu ya kaunti hiyo, akaishi kwa Andrew na Mariah Watkins, nyumba iliyopakana na shule ya weusi.

Baadaye alihamia Kansas. Mjini Fort Scott, mwaka 1879, alishuhudia umati wa Wazungu ukimuua mtu mweusi, akauhama mji huo. Chuo cha Highland kilimkubali kwa barua, kisha kikamkataa kilipoiona rangi yake. Mwaka 1886 alichukua shamba katika kaunti ya Ness, akajenga nyumba ya udongo na nyasi.

Mwaka 1890 alianza kusoma sanaa na muziki katika Chuo cha Simpson, Iowa. Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, alimshauri asomee kilimo. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya uzamili mwaka 1896 katika chuo cha kilimo cha Iowa, akiwa mwanafunzi na pia mwalimu wa kwanza mweusi chuoni hapo.

Mwaka huohuo Booker T. Washington alimwita Tuskegee, Alabama, alikofundisha hadi kifo chake. Ardhi ya huko ilikuwa imechoshwa na pamba. Carver aliwahimiza wakulima maskini wapande pia kunde na karanga, ambazo hurudisha naitrojeni udongoni, pamoja na viazi vitamu kwa chakula. Kuanzia mwaka 1906 mafunzo hayo yalipelekwa vijijini kwa gari la kukokotwa na farasi.

Sifa na ukweli

Watu wengi humtaja kama mvumbuzi wa siagi ya karanga, lakini si yeye. Orodha ya matumizi 300 ya karanga ina mapishi mengi na vitu vilivyojulikana kabla yake, na alipata hataza tatu tu. Mwaka 1962 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Missouri, walioombwa na idara ya hifadhi za taifa, waliandika kwamba uvumbuzi wake ulikuwa umetiwa chumvi; idara haikuisambaza taarifa hiyo. Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa ya ualimu, na hiyo haikuhitaji kutiwa chumvi.

Kumbukumbu

Carver alizikwa Tuskegee, kando ya Booker T. Washington. Tarehe 14 Julai 1943 Rais Franklin D. Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuanzisha kumbukumbu ya kitaifa huko Diamond, ya kwanza kwa Mmarekani mweusi. Ilizinduliwa mwaka 1953 katika ekari 210 za shamba la zamani la Moses Carver.

Kibanda alimozaliwa hakipo. Mahali pake pameonyeshwa kwa magogo yaliyolazwa ardhini. Nyumba ya Moses inayoonekana hapo ilijengwa mwaka 1881, George akiwa ameshaondoka. Njia ya msituni inapita kwenye sanamu ya shaba ya mwaka 1960, kazi ya Robert Amendola, inayomwonyesha akiwa mvulana ameketi juu ya mwamba, kisha inafika makaburini walikozikwa Moses na Susan. Kaburi la Mary halijulikani lilipo.