Maisha ya Al-Hasan bin Al-Haytham

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Miongoni mwa mabingwa wa hisabu waliotokea katika Umma wa Kiislamu ni Abu Ali Al-Hasan bin Al-Haytham. Alizaliwa Basra, katika nchi ya Iraki, yapata mwaka 354 wa Hijra, sawa na 965 wa Miladi. Alijitia katika ilimu ya hisabu, handasa na falaki hata sifa zake zikafika Misri.

Khabari yake iliyo mashuhuri imepokewa na Ibn Al-Qifti, aliyefariki mwaka 646 wa Hijra, zaidi ya miaka 200 baada yake. Yasimuliwa ya kwamba Ibn Al-Haytham alidai kuwa lau angelikuwa Misri, angeliutengeneza mto wa Nili uwafae watu ukijaa na ukipungua. Madai hayo yalikuwa ya ajabu, kwani uhai wa Misri nzima ulitegemea mto ule. Khalifa wa Kifatimi, Al-Hakim, aliposikia alimwita, akatoka mwenyewe nje ya mji wa Kairo kumlaki, kisha akampa mafundi na vibarua.

Wakapanda mto kuelekea kusini. Njiani Ibn Al-Haytham aliyaona majengo ya watu wa kale, jinsi yalivyopimwa na kusimamishwa kwa ufundi mkubwa. Akatambua kwamba lau jambo lile lingeliwezekana, wale wasingelishindwa kulifanya. Alipofika Al-Janadil, karibu na Aswan, akaupima mto kwa macho yake, akayakinisha ya kuwa dhana yake haikuwa sawa. Akarejea kwa haya, akaungama kushindwa.

Al-Hakim akaupokea udhuru, akampa kazi ya diwani. Lakini mtawala yule alikuwa mwepesi wa kumwaga damu, wala radhi zake hazikuwa na amana. Ibn Al-Haytham akaikhofia roho yake, akajifanya mwenda wazimu. Mali yake ikawekwa chini ya wasii, naye akazuiliwa nyumbani hata Al-Hakim alipotoweka mwaka 411, sawa na 1021. Hapo akaidhihirisha akili yake, akarudishiwa mali yake, akakaa katika kuba mlangoni mwa Msikiti wa Al-Azhar.

Hakuomba tena kazi kwa wafalme. Kila mwaka alinakili kwa mkono wake vitabu vitatu vya hisabu na falaki, kimoja cha Euclid na kimoja cha Ptolemy vikiwamo, akaviuza kwa dinari 150. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake ya mwaka mzima.

Kitabu chake kikubwa ni Kitab Al-Manazir, chenye juzuu saba. Wengi wa wahenga wa Kiyunani walishika kwamba jicho hutoa miale iendayo kuvigusa vitu. Yeye alithibitisha kuwa nuru ndiyo itokayo kwenye kitu na kuingia jichoni; kwani mwenye kulitazama jua huumia macho, na lau miale ingelitoka jichoni, kisingelikuwapo cha kumdhuru. Tena alipanga taa kadha wa kadha mbele ya tundu dogo la chumba chenye giza, na kila taa ikatoa doa lake ukutani. Alipoifunika taa moja, doa lake peke yake likatoweka. Akajua kuwa nuru hupita moja kwa moja wala haichanganyiki. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa Basel, mafundi wa Ulaya wakajifunza kwacho.

Alifariki Kairo yapata mwaka 430, sawa na 1039. Nili ilikuja kuzuiliwa huko huko Aswan, kwa boma lililokamilika mwaka 1902, na la pili kubwa zaidi mwaka 1970. Basi fikira yake haikuwa ya upuuzi, bali zana za zama zake ndizo zilizokuwa haba.

Na katika sira yake mna funzo kwa kila mwenye kutafuta ilimu. Aliwapinga wakubwa wa kale kwa dalili, na dalili ilipoipinga kauli yake mwenyewe, aliiacha mbele ya mtawala aliyeweza kumkata kichwa. Rehema za Mwenyezi Mungu zimshukie.

Wallahu aalam.